Zubayr bin Awwam na deni lake: Somo kwa tunaozima simu



Nianze kwa kukiri. Nami nimewahi kuwa miongoni mwa watu wanaozima simu wakimwona afisa mikopo anapita. Nilikodi shamba la vitunguu swaumu huko Mbulu, nikachukua mkopo kwenye taasisi moja ndogo ya fedha, tena mkopo wa riba, na hilo naliomba toba mpaka leo. Vitunguu vikastawi, lakini siku ya kuuza bei ilikuwa chini hata gharama za magunia hazikurudi. Mwezi wa kwanza nikalipa kidogo. Mwezi wa pili nikaomba subira. Mwezi wa tatu nikabadili laini ya simu, nikarudi Katesh kimya kimya.

Wakusanya madeni hawakunipata mimi. Walimpata shemeji yangu aliyenidhamini, mtu asiyejua hata kitunguu kimoja kilikwenda wapi. Aliuza ng'ombe wawili wa maziwa kwenye mnada, akalipa sehemu ya deni langu. Hakunitukana. Aliacha tu kuja nyumbani kwangu. Na jina langu likaingia kwenye kumbukumbu za wasiolipa, hata pale nilipotaka mkopo mdogo wa kikundi nikaambiwa mimi sikopesheki.

Katika hali hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, ustadh mmoja alinikalisha kwenye baraza ya msikiti. Hakunipa mawaidha ya riba wala hakunilaumu. Alinisimulia maisha ya Zubayr bin Awwam (r.a). Nami leo naomba nikusimulie wewe, kwa sababu naamini wilaya zetu za Mbulu na Hanang zimejaa watu wa mfano wangu.

Zubayr ni nani? Ni mtoto wa Safiyya bint Abdul Muttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w). Upande wa baba, Bibi Khadija (r.a) ni shangazi yake. Alisilimu akiwa kijana mdogo, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa, na ami yake akamtesa kwa kumfunga ndani ya mkeka na kumfukizia moshi ili aiache dini. Hakuiacha. Alihamia Uhabeshi, kisha Madina.

Watu wengi humjua Zubayr kwa upanga. Alikuwepo Badr, Uhud na Khandaq, na ni siku ya Khandaq ambapo Mtume (s.a.w) alimtaja kuwa ndiye msaidizi wake wa karibu, baada ya kujitolea kwenda kuleta habari za adui pale wengine walipokaa kimya. Ni mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Zama za Khalifa Umar (r.a) alipelekwa Misri kumsaidia Amr bin al-As, na ndiye aliyepanda ukuta wa ngome ya Babilon kwa ngazi. Umar alipojeruhiwa na kuteua watu sita wa kushauriana juu ya Khalifa ajaye, Zubayr alikuwa mmoja wao.

Lakini ustadh hakutaka kunisimulia upanga. Alitaka kunisimulia mfuko wake.

Zubayr hakuzaliwa tajiri wala hakuoa akiwa tajiri. Alipomuoa Asmaa bint Abubakar (r.a) hakuwa na mali ya kutaja zaidi ya farasi na ngamia wa kuchotea maji. Bibi Asmaa, binti wa Abubakar Siddiq, alikuwa akimlisha yule farasi kwa mikono yake na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililokuwa mbali na mji. Kwa hiyo ndugu yangu unayedhani kuwa watu hawa walishushiwa utajiri kutoka mbinguni, fikiri tena.

Baadaye Allah (s.w) alimfungulia. Na hapa kuna jambo la kuzingatia: hakupata kushika ugavana, wala kukusanya kodi, wala cheo chochote cha kugusa fedha za umma. Mali yake ilitokana na biashara na fungu lake katika ngawira za vita. Watu wakamuamini. Baadhi ya Masahaba wakubwa walimuusia asimamie mali na watoto wao baada ya kufa kwao.

Wengine walimletea fedha awatunzie. Yeye alikataa kuzipokea kama amana. Aliwaambia kuwa anazichukua kama mkopo, kwa kuchelea zisije zikapotea. Tofauti yake ni nini? Katika sheria yetu, amana ikipotea bila uzembe wa mtunzaji, mtunzaji halipi, hasara ni ya mwenye mali. Mkopo ukipotea, mkopaji analipa tu, iwe kwa moto au kwa wezi. Zubayr alijibebesha mzigo huo kwa hiari, na hapakuwa na riba ndani yake hata chembe. Ndivyo deni lake lilivyozaliwa. Halikutokana na anasa. Lilitokana na kuaminiwa.

Kisha ikaja fitna. Mwaka wa 36 Hijria, sawa na 656 Miladia, Waislamu walikabiliana nje ya mji wa Basra katika vita vya Ngamia. Ndimi zetu tunaziweka mbali na yaliyopita baina ya Masahaba. Linalotuhusu ni kuwa siku hiyo Zubayr alimwita mwanawe Abdullah akamweleza kuwa anahisi atauawa kwa kudhulumiwa, na kwamba linalomsumbua zaidi ya yote ni deni.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Majeshi mawili yamesimama, naye ni mtu aliyebashiriwa Pepo. Hofu yake siku hiyo ni haki za watu.

Alimuusia mwanawe auze mali, alipe deni, na kitakachobaki afanye kama alivyoelekeza. Akamwambia kuwa akikwama sehemu yoyote ya deni, aombe msaada kwa Mola wake. Abdullah mwanzoni hakuelewa ni bwana yupi anayekusudiwa, akauliza, akajibiwa kuwa ni Allah. Na Abdullah alikuja kusimulia kuwa kila alipobanwa na deni lile alimuomba Mola wa Zubayr amlipie, na njia ikapatikana.

Zubayr alijitoa vitani siku hiyo hiyo, baada ya Ali (r.a) kumkumbusha jambo alilowahi kuambiwa na Mtume (s.a.w). Akiwa njiani kurudi, mtu mmoja aitwaye Ibn Jurmuz alimfuata akamuua katika bonde liitwalo Siba'. Hakuacha dinari wala dirhamu taslimu. Aliacha ardhi, ikiwemo ile ya al-Ghaba karibu na Madina, na nyumba: 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri. Abdullah akakaa chini akahesabu deni. Likafika 2,200,000.

Hakim bin Hizam, mzee wa ukoo, alimkuta akamuuliza deni la marehemu ni kiasi gani. Abdullah akaficha, akataja 100,000. Mzee akaona hata hizo mali yao haitoshi. Alipotajiwa kiasi chenyewe akasema hawataweza, lakini wakishindwa wamwendee awasaidie. Abdullah hakukimbia.

Ile ardhi ya al-Ghaba marehemu aliinunua kwa 170,000. Abdullah akaithamini kwa 1,600,000 na kuigawa hisa. Akatangaza hadharani kuwa mwenye deni lolote kwa Zubayr aje kwenye ardhi hiyo. Yaani mdaiwa ndiye anayewaita wadai!

Akaja Abdullah bin Ja'far, akidai 400,000. Huyu alikuwa tayari kusamehe deni lote. Abdullah akakataa. Akamwambia basi liahirishwe, alipwe mwisho. Akakataa pia. Ndipo akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akakatiwa kwa mipaka inayojulikana. Mali ikauzwa, deni lote likalipwa, na hisa nne na nusu za al-Ghaba zikabaki. Hizo zilinunuliwa mbele ya Muawiya kwa 100,000 kila hisa, naye Muawiya akachukua ile moja na nusu ya mwisho.

Warithi, wakiwemo wajane wanne, wakataka mirathi. Abdullah akawaambia bado. Kwa miaka minne, kila msimu wa Hija, alisimama akitangaza kuwa mwenye haki kwa Zubayr aje alipwe. Miaka minne ilipokwisha bila mdai mpya ndipo akagawa, na kila mjane akapata 1,200,000. Mali ambayo watu walidhani haitoshi kulipa hata 100,000 ililipa deni na kuwatajirisha warithi.

Ustadh aliponyamaza, sikuweza kumtazama usoni. Mimi nilikuwa nimeshindwa kupokea simu.

Jumatatu yake nilifanya mambo manne, na nayaandika kwa yeyote aliye kwenye shimo nililokuwemo. Kwanza, niliandika madeni yote kwenye daftari, hata ya dukani, maana Qur'an katika Surat al-Baqarah imetuamuru kuandika deni. Pili, nilikwenda mwenyewe kwa mdai kabla hajaja kwangu, nikaomba hesabu ya maandishi inayotenganisha mtaji, riba na faini, na tukakubaliana malipo ninayoyaweza. Tatu, niliuza kiwanja. Kilikuwa cha kujengea, na kiliniuma. Nne, nilipomaliza nilidai barua ya kuthibitisha kuwa sidaiwi, kisha nikafuatilia taarifa yangu irekebishwe. Wengi hawajui kuwa tangu kanuni za mwaka 2012 Benki Kuu inasimamia taasisi za taarifa za wakopaji, na kuwa mkopaji ana haki ya kuona taarifa zake na kupinga zenye makosa. Jina likichafuka husafishika, ila kwa karatasi na kwa muda.

Tusiwasahau wadai nao. Qur'an imeagiza mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Wapi na wapi na haya ya kubeba kitanda cha mama anayenyonyesha, au kutuma ujumbe wa aibu kwa kila mtu aliyemo kwenye simu ya mdaiwa? Mikopo hii wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni. Anayekuja kuchukua mali yako muulize leseni na hati. Kuwa mdaiwa hakukuondolei utu.

Neno la mwisho ni kwa kamati za misikiti yetu. Qur'an imetaja makundi nane ya kupewa Zaka, na wadaiwa ni kundi mojawapo. Ni misikiti mingapi ya Katesh, Dongobesh au Mbulu mjini iliyowahi kumlipia mdaiwa aliyeelemewa? Tunachangia mazulia na vipaza sauti, huku ndugu yetu wa safu ya nyuma anakimbilia kausha damu kwa sababu hana pa kwenda. Mtume (s.a.w) aliwahi kusita kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a) alipojitolea kulibeba. Ni nani Abu Qatada wa mtaa wako?

Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya mlima Hanang yalishuka asubuhi na kuondoka na watu zaidi ya 80. Niliposimama kwenye mabaki ya maduka pale Katesh nilijiuliza, ni madaftari mangapi ya madeni yamezikwa hapa, na ni warithi wangapi watasimama kutangaza kama alivyotangaza mwana wa Zubayr? Hakuna aliyelala usiku ule akijua.

Ama shemeji yangu, nilimrudishia ng'ombe mmoja mwaka uliofuata, na wa pili mwaka jana. Siku ya yule wa pili alikuja nyumbani, tukala pamoja.

Wabillahi tawfiq.