Florence Kelley: Mkaguzi Aliyewatetea Watoto

Sheria nzuri isiyo na msimamizi ni sawa na shamba lisilo na mlinzi. Ukweli huu unadhihirika katika maisha ya Florence Kelley, mwanamke wa Marekani aliyepinga ajira ya watoto.

Kelley alizaliwa mjini Philadelphia mwaka wa 1859. Babake, mbunge William Kelley, alimfunza kusoma akiwa na umri wa miaka saba kwa kitabu kilichoonyesha watoto wa Uingereza wakibeba udongo mzito wa kufyatulia matofali. Alipotimu miaka 12 hivi, alijionea wavulana wadogo wakifanya kazi usiku katika kiwanda cha vioo. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1882, kisha akaendelea na masomo Zurich, Uswisi.

Mnamo 1891 alimwacha mumewe, akahamia Chicago na wanawe watatu. Huko aliishi Hull House, makao yaliyowahudumia maskini na wahamiaji, akachunguza vyumba finyu ambamo familia nzima zilishona nguo kwa ujira duni. Juhudi zake zilichangia kupitishwa kwa sheria ya Illinois ya 1893 iliyopiga marufuku kuajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14. Gavana John Altgeld alimteua mkaguzi mkuu wa viwanda. Alipoona kuwa wakosaji hawashtakiwi, Kelley alisomea uanasheria, akafuzu. Mwaka wa 1897 gavana mpya alimwondoa kazini.

Hakufa moyo. Kuanzia 1899 aliongoza Chama cha Kitaifa cha Wateja, kilichowahimiza wanunuzi kuchagua mavazi yenye lebo nyeupe, ithibati kwamba hayakushonwa na watoto. Bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya ajira ya watoto mwaka wa 1916, lakini Mahakama Kuu zaidi ikaibatilisha 1918. Kelley alifariki mwaka wa 1932; sheria ya kudumu ya nchi nzima ilipatikana 1938.

Kelley alishikilia kwamba sheria ya kazi na sheria ya elimu ni mapacha: mtoto aondolewaye kiwandani sharti afunguliwe mlango wa shule. Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga mtoto dhidi ya ajira. Hata hivyo, mwalimu aitapo majina asubuhi na jina moja likakosa kuitikiwa, yeye ndiye mkaguzi wa kwanza. Asinyamaze, na aulize mtoto huyo yuko wapi.