Eric Liddell, Mkimbiaji wa Uskoti

Eric Henry Liddell alizaliwa tarehe 16 Januari, mwaka 1902, katika mji wa Tientsin, nchi ya China. Mji huo sasa huitwa Tianjin. Baba yake na mama yake walikuwa watu wa Uskoti, nao walikwenda China kwa kazi ya Injili. Eric alikuwa mtoto wao wa pili. Kaka yake aliitwa Robert, na wadogo zake ni Jenny na Ernest.

Desturi ya wamisionari wa zamani zile ilikuwa kuwarudisha watoto wao kwao ili wasome. Basi mwaka 1908 Eric, akiwa na umri wa miaka 6, alitiwa pamoja na Robert katika shule ya bweni karibu na London. Shule hiyo iliwekwa kwa ajili ya wana wa wamisionari, na baadaye iliitwa Eltham College. Wazazi wakarudi China, na ndugu hawa wakakaa miaka mingi wasiwaone wazazi wao ila mara chache.

Alipoingia shule Eric alikuwa mtoto mdogo wa mwili na mnyamavu. Lakini kadiri alivyokua miguu yake ilipata nguvu na wepesi, hata siku za michezo ya shule zawadi za kwanza na za pili mara nyingi zilitwaliwa na ndugu hawa wawili. Walishindana kwa bidii uwanjani, wala hawakuoneana wivu.

Mwaka 1920 Eric aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma sayansi. Huko alipata mwalimu wa mbio, jina lake Tom McKerchar, aliyemfundisha kuanza vizuri na kutunza nguvu zake. Lakini hakuna aliyeweza kumwondolea namna yake ya kukimbia. Alipokaribia mwisho wa mbio alirudisha kichwa nyuma, uso ukielekea juu, na mikono yake ikapunga hewani kama ya mtu anayezama majini. Waliomwona mara ya kwanza walicheka. Mbio zilipokwisha waliacha kucheka. Tena alikuwa hodari wa mpira wa rugby, naye aliichezea nchi ya Uskoti mara 7 katika miaka ya 1922 na 1923.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1923, aliombwa kwenda mji mdogo wa Armadale kusema mbele ya wanaume habari ya imani yake. Kwa tabia alikuwa mwenye haya, wala hakupenda kusimama mbele ya watu. Walakini alikubali, na tangu siku hiyo jina alilolipata kwa miguu yake alilitumia katika kuhubiri.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule alikimbia yadi 100 katika London kwa sekunde 9.7, na kwa miaka mingi hakutokea Mwingereza wala Mskoti aliyefanya vizuri zaidi. Kisha alikwenda Stoke kushindana katika mbio za yadi 440, yaani robo ya maili. Hawakwenda hatua nyingi, mara mkimbiaji mmoja akamgonga, naye akaanguka kwenye majani nje ya njia. Alipoinuka wenzake walikuwa wamemtangulia yapata yadi 20. Watu walidhani ataacha. Yeye akawafuata, akawapata mmoja mmoja, akawapita wote, akafika wa kwanza. Kisha akaanguka chini kwa kuchoka.

Mwaka uliofuata, 1924, Michezo ya Olimpiki ilifanyika Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Waingereza walimtumainia sana Eric katika mbio za meta 100. Miezi kadhaa kabla ya michezo, habari za siku na saa zilitolewa. Eric akaona kwamba mbio za kwanza za meta 100 zitakimbiwa siku ya Jumapili. Tena mbio za mwisho za kupokezana kijiti, za meta 100 kwa kila mtu na za meta 400 kwa kila mtu, nazo ziliwekwa siku ya Jumapili.

Tangu utoto wake Eric alifundishwa kuwa Jumapili ni siku ya Bwana, si siku ya michezo. Basi aliwaambia wakuu wake kwa upole kwamba siku hiyo hatakimbia. Watu wengine walimsihi, na wengine walimlaumu kwamba haipendi nchi yake. Lawama hiyo ilikuwa nzito, kwa maana katika mbio za kupokezana mtu hakimbii kwa ajili ya nafsi yake tu. Watu 4 hushika kijiti kimoja kwa zamu, na anayekataa kukimbia huwapunguzia wenzake nguvu. Eric aliyajua hayo yote, wala hakuwahukumu waliokimbia. Lakini hakubadili neno lake. Alianza kujizoeza kwa mbio za meta 400, ambazo hazikuangukia Jumapili, ingawa hazikuwa mbio alizojulikana nazo.

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Julai, wakimbiaji wa meta 100 walipokuwa uwanjani, Eric alikuwa katika kanisa la Waskoti mjini Paris, akihubiri. Siku iliyofuata mwenzake Harold Abrahams alizishinda mbio zile, na Eric akafurahi pamoja naye. Katika mbio za meta 200 Eric alipata nafasi ya tatu.

Tarehe 11 Julai, siku ya Ijumaa, ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya mbio za meta 400. Asubuhi mtu mmoja aliyewahudumia wakimbiaji alimpa karatasi ndogo yenye neno kutoka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, la kumtia moyo. Eric alipewa njia ya ukingoni kabisa. Njia hiyo si nzuri, kwa kuwa mwenye kukimbia humo huanza mbele, asiweze kuwaona wenzake walio nyuma. Kabla ya kuanza alipeana mikono na washindani wake, kama ilivyokuwa desturi yake. Bastola ikalia, naye akatoka mbio kana kwamba mwendo ni wa meta 200 tu. Waliojua mambo ya mbio walisema moyoni kwamba atachoka njiani. Hakuchoka. Alirudisha kichwa nyuma, akazidi kwenda, akaukata utepe kwa sekunde 47.6, wakati uliohesabiwa kuwa rekodi mpya ya dunia katika mbio za meta 400. Wa pili alikuwa Mmarekani, Horatio Fitch, na wa tatu Mwingereza, Guy Butler.

Jumapili, tarehe 13, mbio za kupokezana zilikimbiwa bila Eric. Waingereza walipata nafasi ya pili katika mbio fupi, na ya tatu katika mbio ndefu. Wamarekani walishinda zote mbili.

Eric akarudi nyumbani. Tarehe 17 Julai alipokea shahada yake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akavikwa taji la majani kichwani, na wanafunzi wakambeba mabegani katika njia za mji. Baada ya siku mbili, siku ya Jumamosi, alikuwa London tena, katika uwanja wa Stamford Bridge. Siku hiyo wakimbiaji wa nchi zilizokuwa chini ya mfalme wa Uingereza walishindana na Wamarekani. Kati ya mashindano yale kulikuwa na mbio za kupokezana kijiti, kila mtu yadi 440.

Ikawa Eric ndiye wa mwisho kwa upande wake, na wa mwisho kwa Wamarekani ni Fitch. Wa mwisho katika mbio hizi hana hiari. Hurithi mali au deni la waliomtangulia. Eric alirithi deni. Kijiti kilipomfikia mkononi, Fitch alikuwa amekwisha kutoka, naye yu mbele kwa yadi kadhaa. Kumfuata mtu hodari kama huyu ni kazi ngumu: ukimfukuza upesi mno, nguvu zitakwisha, ukikawia, hutampata. Eric alisogea kidogo kidogo. Walipofika mwendo wa mwisho kichwa chake kilirudi nyuma, na watazamaji wakapiga kelele, maana waliijua dalili ile. Akampita Fitch, akafika mbele. Hivyo wale wenzake watatu walipata ushindi kwa mkono wake, naye kwa mikono yao.

Mtu mwingine angalikaa Uingereza kula matunda ya sifa zake. Eric aliondoka mwaka 1925, akarudi Tientsin kuwa mwalimu wa sayansi na michezo katika shule ya misioni. Mwaka 1932 aliwekwa kuwa mchungaji. Mwaka 1934 alimwoa Florence Mackenzie, binti wa wamisionari kutoka Kanada, wakazaa mabinti watatu. Tangu mwaka 1937 alifanya kazi katika vijiji vya Siaochang, ambako Robert kaka yake alikuwa daktari. Wakati huo Wajapani walikuwa wakipigana na Wachina, na njia zote zilikuwa za hatari. Eric alisafiri kwa miguu na kwa baiskeli, akiwafariji watu, na mara nyingine akiwachukua majeruhi kuwapeleka hospitali.

Mwaka 1941 aliona hatari imezidi, akampeleka mkewe na watoto Kanada. Mtoto wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakumwona kamwe. Mwezi wa Machi, mwaka 1943, Wajapani walimfunga Eric pamoja na wageni wengine katika kambi ya Weihsien, wapata watu 1,500. Chakula kilikuwa kidogo na nafasi haikutosha. Walikuwamo watoto wengi waliotengwa na wazazi wao, kama yeye alivyotengwa na wake zamani. Eric aliwafundisha sayansi, akawatengenezea magongo ya kuchezea, na wao wakamwita mjomba.

Mwanzoni hakutaka kusimamia michezo siku ya Jumapili. Lakini vijana walicheza peke yao, wakapigana. Jumapili iliyofuata Eric alitoka, akasimama kati yao kuwa mwamuzi. Yeye aliyeacha nishani kwa ajili ya siku ile, hakuona vibaya kuitumia kwa kuwapatanisha watoto.

Alikuwa na viatu vyake vya mbio, vimechakaa na kutiwa viraka. Alipoona viatu vya kijana mmoja vimekwisha, na baridi ni kali, alimpa vile. Baada ya majuma machache, tarehe 21 Februari, mwaka 1945, Eric Liddell alikufa kwa uvimbe ndani ya ubongo, naye ni mtu wa miaka 43. Kambi ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Kijana yule, ambaye Eric alimfundisha kuwaombea adui zake, alikwenda Japani baada ya vita, si kulipa kisasi, bali kuhubiri Injili, akakaa huko zaidi ya miaka 30. Kijiti hakikuanguka chini. Kilipata mkono mwingine wa kukipokea.

Maswali

1. Kwa nini Eric na Robert hawakukaa na wazazi wao walipokuwa wadogo?
2. Ni mbio zipi Eric alizokataa kukimbia Paris, na kwa sababu gani?
3. Eleza hali ilivyokuwa Eric alipopokea kijiti katika uwanja wa Stamford Bridge.
4. Kwa nini alikubali kuwa mwamuzi siku ya Jumapili kambini? Je, alivunja ahadi yake?
5. Kijana aliyepewa viatu alipokea kitu gani zaidi ya viatu?