Mangi Meli wa Old Moshi na Dhima ya Vita vya Mbali

Riwaya ya kisayansi inayosawiri vita vya mbali, ambamo muuaji hamkabili anayemuua, huibua suala la kimaadili: dhima ya mauaji hayo ni ya nani? Mwaka 1898 H. G. Wells alichapisha The War of the Worlds, ambamo wavamizi kutoka sayari ya Mars wanawateketeza Waingereza kwa mwali wa joto. Yaliyobuniwa Uingereza yalikuwa na mfano wake halisi katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya Rau, na maisha ya Mangi Meli yanadhihirisha hivyo.

Meli alirithi utawala wa Moshi mwaka 1891, baada ya kifo cha baba yake, Mangi Rindi. Rindi alikuwa amefanya mapatano na Wajerumani mwaka 1885, na mapema mwaka 1891 wapiganaji wake walifuatana na jeshi la Hermann von Wissmann kumpiga hasimu wake, Mangi Sina wa Kibosho. Kwa hiyo silaha za wageni zilipanda mlimani kwa kukaribishwa. Meli aliikataa njia hiyo. Juni 1892 aliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, Albrecht von Bülow, akauawa. Agosti 1893 Gavana Friedrich von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi na kumshinda.

Hata hivyo, Meli hakufa vitani. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake 18, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, kwa shtaka la kula njama dhidi ya serikali. Hukumu ya Kapteni Kurt Johannes ilitegemea taarifa za watu wengine, na wanahistoria kadhaa wameuona humo mkono wa Mangi Marealle wa Marangu. Aliyetoa taarifa hakunyonga. Aliyenyonga hakuhitaji kuithibitisha. Umbali unaopunguza uzito wa kuua, basi, si wa masafa pekee, bali pia ni wa dhima iliyogawanywa hadi ikakosa mwenyewe.

Wenyeji wa Old Moshi wanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa Berlin vililihusisha fuvu moja na ukoo wa mtu anayeaminika kuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikutambuliwa katika vipimo hivyo.