Foucault, mwanahabari aliyedhihirisha mzunguko wa dunia

Kijana wa Langas, mjini Eldoret, anapopiga video kwa simu huku akitembea, picha huweza kutulia ingawa mkono wake unatikisika. Ndani ya simu nyingi za kisasa mna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetema bila kukoma. Simu inapogeuzwa, kipande hicho husukumika upande, nazo saketi za kielektroniki hupima msogeo huo na kukokotoa kasi ya mzunguko.

Maarifa hayo yana deni kubwa kwa Mfaransa Léon Foucault, aliyezaliwa jijini Paris mnamo Septemba 18, 1819. Foucault alianza masomo ya udaktari, akayaacha kwa kuwa hakustahimili kuona damu. Kuanzia 1845 aliandika habari za sayansi katika gazeti la Journal des Débats, huku akiunda vifaa vyake mwenyewe.

Wakati mmoja, ufito wa chuma ulikuwa umebanwa kwenye mashine ya kukereza. Aliutetemesha, kisha akaizungusha mashine. Ajabu ni kwamba ufito uliendelea kutetema kuelekea upande ule ule. Akang'amua kuwa kinachotetema hakilazimiki kufuata mzunguko wa kinachokishika.

Januari 1851 aliyajaribu hayo nyumbani kwake. Machi mwaka huo, katika jengo la Panthéon, alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67. Umati ulishuhudia mwelekeo wa bembea yake ukigeuka kidogo kidogo, kumbe ni dunia iliyokuwa ikizunguka chini yake. Huko Paris tufe hukamilisha mzunguko kwa takriban saa 32. Langas, karibu na ikweta, lingegeuka nyuzi 3 hivi tu kwa siku. Mwaka 1852 alibuni jairoskopu, na jina hilo akalitunga yeye.

Hata hivyo, Akademia ya Sayansi ya Ufaransa haikumpokea hadi 1865, miaka 10 baada ya Uingereza kumtunuku nishani ya Copley. Hakuifaidi heshima hiyo kwa muda mrefu. Maradhi ya kupooza yalimwandama, akafariki Februari 11, 1868, akiwa na umri wa miaka 48.

Maisha yake ni funzo kwa wanaompima fundi kwa vyeti pekee: ufito uliotetema kwenye mashine ya karakana ulimfunulia siri ambayo wasomi wengi hawakuiona.