John Wesley Work wa Pili: Mtetezi wa Nyimbo za Watumwa

John Wesley Work wa Pili, mwalimu wa Kilatini na historia katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, Marekani, alizikusanya nyimbo za kidini za watumwa wakati ambapo baadhi ya wasomi weusi walizionea haya. Mwaka wa 1909, yeye na wenzake watatu walizirekodi kwa kampuni ya Victor. Maikrofoni haikutumika, waliimba mbele ya pembe, nguvu za sauti zao zikaisukuma sindano kuchora nta. Mnamo 1915 alichapisha kitabu kuhusu nyimbo hizo. Hata hivyo, upinzani dhidi ya kazi yake ulimfanya ajiuzulu Fisk mwaka wa 1923. Alifariki mwaka wa 1925, maikrofoni ilipoanza kutumika studioni. Fasihi simulizi aliyoitetea ingali hai katika santuri hizo.