Johannes Rebmann na Majina ya Mlima Wetu

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Wadachi. Mwaka wa 1846 alifika Mombasa, akakaa Rabai pamoja na Krapf. Tarehe 11 Mei 1848, alipokuwa njiani kuja Kilema, juu ya Himo yetu, aliona weupe kileleni. Kiongozi wake aliuita baridi tu; yeye akatambua kwamba ni theluji. Mangi Masaki wa Kilema akampokea. Wataalamu wa Uingereza walimkatalia habari hiyo, lakini hakuigeuza.

Tena hakuupa mlima jina la kwao. Aliuita Kilimanjaro, kama alivyosikia ukiitwa. Mwaka wa 1889 Hans Meyer alipanda hata kilele cha Kibo, akakipa jina la Kaisari Wilhelm. Mwaka wa 1961 kikaitwa Uhuru.

Rebmann alipofuka macho, akarudi kwao mwaka wa 1875, akafa Korntal mwaka wa 1876.

Jina la Kaisari limekwisha. Kibo na Mawenzi yangali vinywani mwetu. Basi, walimu wenzetu, tuwafundishe watoto majina ya mito na vijiji vyetu. Mgeni huyu aliyaheshimu; sisi wenyewe tusiyaache.