Guglielmo Marconi na Umbali wa Simu ya Upepo Majini

Askari wanaofanya doria katika Ziwa Tanganyika wamezoea kubonyeza kitufe cha redio na kuita bandarini Bujumbura pasipo kujiuliza sauti yao itafika wapi. Pengine jibu huja mara moja. Pengine huwa kimya kitupu, na chombo kikalaumiwa bure. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyetumia karibu umri wake wote kushindana na swali hilo la umbali, naye ni hayati Guglielmo Marconi.

Alizaliwa Bologna, nchini Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake alikuwa tajiri mwenye mashamba, na mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland. Marconi hakupata shahada ya chuo kikuu. Alisoma habari za Heinrich Hertz, mtaalamu wa Ujerumani aliyethibitisha kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani, akaanza kufanya majaribio nyumbani kwao. Mwaka 1895 aligundua jambo lililomfungulia njia: ukiunganisha upande mmoja wa mtambo na ardhi, na upande wa pili ukauinua juu kwa waya, ishara hufika mbali zaidi. Zilivuka kilima, mwendo wa kilomita 2 hivi. Ndugu yake aliyekuwa ng'ambo ya kilima alifyatua bunduki kumjulisha kwamba zimefika.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza, na mwaka uliofuata ishara zake zikavuka maji ya mlango wa bahari wa Bristol. Punde si punde mitambo yake iliwekwa katika meli ya East Goodwin, iliyotiwa nanga ili taa yake iwaonye mabaharia wasipande fungu la mchanga. Mwezi Aprili 1899 meli hiyo iligongwa na meli nyingine wakati wa ukungu, ikaomba msaada kwa simu ya upepo.

Jeshi nalo halikukawia. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, mitambo ya Marconi ilipelekwa mwaka 1899 kwa matumizi ya nchi kavu, nayo ikashindwa. Milingoti ya kufaa haikuwapo, ardhi ilikuwa kavu, na radi zilivuruga ishara. Mwaka 1900 mitambo hiyo ilikabidhiwa jeshi la wanamaji katika ghuba ya Delagoa, palipo Maputo ya leo, ikafanya kazi vizuri. Melini mlikuwa na milingoti mirefu, na maji ya chumvi ni ardhi njema kwa mtambo. Sisi twaliona tukio hili kuwa somo kubwa kuliko ushindi wake wote, maana mitambo ilikuwa ile ile.

Tarehe 12 Desemba 1901, huko Newfoundland, Marconi alitangaza kwamba amesikia herufi S iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, umbali wa kilomita 3,500 hivi. Waya wake ulipandishwa angani kwa tiara. Wako wataalamu ambao hata leo wana shaka kama aliisikia kweli. Basi Februari 1902 alipanda meli Philadelphia, akapima umbali mbele ya mashahidi: mchana ishara zilikoma yapata kilomita 1,100, lakini usiku zilipokewa kupita kilomita 3,000. Baadaye ilijulikana kwamba juu angani mna tabaka zinazorudisha mawimbi ya namna hiyo chini, na kwamba tabaka ya chini inayoyafifisha mchana hutoweka jua likichwa.

Hapa yatupasa kutahadharisha. Redio ya VHF iliyomo katika boti za siku hizi haipati msaada huo wa anga. Mawimbi yake huenda karibu sawa na mstari, hupita kidogo tu upeo wa macho, kisha dunia iliyo mviringo huyakinga. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kimo cha antena juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4, upate kilomita. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili, kisha jumlisha. Boti yenye antena ya mita 4 hupata kilomita 8, mnara wa mita 25 hupata kilomita 20, jumla 28. Lakini askari wawili waliokaa ndani ya mitumbwi, redio zao za mkononi zikiwa mita 1 tu juu ya maji, hawasikilizani kupita kilomita 8 hivi, na ziwa letu mahali papana lafikia kilomita 72. Kuongeza nguvu toka wati 5 hadi 25 husaidia kidogo tu; kuinua antena husaidia zaidi. Boti iliyojibanza nyuma ya rasi au chini ya genge huweza kunyamaza hata ikiwa karibu.

Ziwa hili laijua hasara ya kukosa habari. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Wajerumani, Kingani, ilitekwa na Waingereza upande wa Kongo, na wakubwa wake wa Kigoma hawakujua lililoipata. Walipotuma Hedwig von Wissmann kwenda kuitafuta, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916.

Hata hivyo, umbali peke yake hautoshi. Titanic ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, meli Carpathia iliusikia wito kutoka kilomita 107, ikaokoa watu zaidi ya 700. Californian ilikuwa karibu zaidi, ila mpokeaji wake alikuwa amefunga mtambo na kulala. Watu wapatao 1,500 walikufa. Mkataba wa mwaka 1914 uliamuru meli kubwa ziwe na zamu ya kusikiliza usiku na mchana.

Marconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 pamoja na Ferdinand Braun. Mwaka 1912 alipoteza jicho la kulia katika ajali ya gari. Alijiunga na chama cha Kifashisti cha Mussolini mwaka 1923, doa ambalo hatuwezi kulificha. Miaka yake ya mwisho aliishi sana melini mwake, Elettra, akijaribu mawimbi mafupi. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, na vituo vya redio katika nchi nyingi vikanyamaza kwa dakika 2.